Yai Lisilokuwamo Kitabuni

Imetangazwa na mamlaka husika, kwa waraka uliosainiwa, ukapigwa muhuri na kusomwa mbele ya walimu wote wakiwa wamesimama, kwamba tangu sasa kila mtoto wa shule ya msingi atakayesema atasikilizwa, na kila atakayesikilizwa atalindwa. Ili jambo hilo zito lisibaki maneno matupu, waraka uliagiza kila shule iwe na chumba cha ushauri nasaha: chumba tulivu, chenye mkeka, vitabu vya watoto, vifaa vya kuchorea na kufinyangia, na mlango unaofungika. Kuhusu fedha za kununulia vitu hivyo, waraka ulionyesha imani kubwa katika ubunifu wa walimu wakuu.

Mwalimu mkuu wa shule moja, mtu mwembamba aliyeipenda kazi yake kama wengine wanavyopenda dawa, yaani kwa kuwa hana budi, alibuni. Alitoa madawati mabovu na nyavu za mpira kwenye stoo ya mwisho wa korido, akaamuru ifagiliwe, akaleta mkeka kutoka kwake. Vitabu vilipatikana ndani ya boksi la msaada lililokaa ofisini muda mrefu hata watu wakawa wanaliegemezea baiskeli. Mlango ulifungika, ilimradi mtu aunyanyue kidogo na kuusukuma kwa nyonga. Juu yake fundi rangi aliandika ile sentensi ya waraka. Alianza kwa herufi kubwa za kujiamini, akaishiwa ukuta, na neno "atalindwa" likalazimika kujibana pembeni, karibu na swichi ya taa.

Kilichobaki ni mtu wa kukaa ndani.

Mtu mwenyewe alikuwa mama wa makamo, mnene kiasi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye kwa zaidi ya nusu ya maisha yake alikuwa amefundisha ushonaji. Kisha ushonaji ukafutwa kwenye ratiba. Kwa kuwa somo lilikufa na mwalimu hakufa, ilibidi patafutwe pa kumweka. Wakampeleka kwenye mafunzo ya ushauri nasaha, ya muda mfupi, yenye chai mara mbili kwa siku, akarudi na cheti, kanuni moja, na wazo la soksi.

Soksi ilikuwa ya marehemu mumewe, ya kijivu, yenye vifungo viwili vya koti badala ya macho. Aliivaa mkononi, akaifungua mdomo kwa kidole gumba, na watoto ambao hawakuwahi kumwambia mtu mzima neno la maana tangu wajue kusema wakaiambia soksi yote yaliyokuwa rohoni. Ndipo shule nzima ikaanza kumwita Mwalimu Soksi. Watoto kwa mapenzi, walimu wenzake kwa namna yao.

"Yaani unalipwa mshahara kucheza na soksi," aliambiwa na wifi yake, dada wa marehemu, aliyekuja msibani akae wiki moja na hadi leo hajaona sababu ya kuondoka. "Na sisi tunaozifua tulipwe nini?"

"Wewe unalipwa chakula, wifi."

"Chakula chenyewe napika mimi!"

"Ndiyo maana sijawahi kukupandisha cheo."

Waliishi hivyo, kwa kuchokozana, na nyumba ikawa na sauti.

Ile kanuni ilikuwa fupi: usimtoe mtoto ndani ya hadithi. Mtoto haulizwi habari zake, anaulizwa habari za mnyama wa kitabuni. Akisema kobe anaogopa kurudi nyumbani, usidakie "na wewe je?" Uliza kobe anaogopa nini. Ukimvuta kwa nguvu atafunga mdomo, na hutaufungua tena. Atatoka mwenyewe, siku yake ikifika. Mwalimu Soksi aliipenda kanuni hiyo kwa sababu ilifanana na kazi aliyoijua. Uzi uliojifunga hauvutwi. Unafuatwa taratibu hadi unapoanzia.

Na ilifanya kazi. Kulikuwa na mtoto wa darasa la kwanza aliyewatwanga wenzake kila siku ya Mungu, mpaka alipomfinyanga fisi wa udongo na kueleza kwamba fisi huyo ni mkali kwa sababu jino linamuuma. Mtoto akafunguliwa kinywa, jino likaonekana, likang'olewa, vita vikaisha. Mafanikio ya namna hiyo humvimbisha mtu kichwa, hata mtu mwenye kichwa kizuri.

Basi akaletwa Bibi.

Bibi alikuwa msichana wa darasa la tatu. Jina hilo alipewa na wenzake, na hawakukosea sana. Alitembea kwa haraka ya mtu aliyeacha kitu mekoni. Aliwafuta wenzake kamasi bila kuombwa, na wakimkera alisema, "Jamani, mimi nimechoka na ninyi," kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuozesha mabinti. Kosa lake lilikuwa utoro, lakini utoro wa ajabu: hakukosa kipindi hata kimoja. Alitoroka saa ya mapumziko tu. Kengele ikilia, Bibi anapenya kwenye pengo la ua karibu na geti; wenzake wakiwa wanarudi darasani, Bibi naye anarudi, jasho linamtiririka, anahema. Ukimuuliza ulikuwa wapi, anaangalia viatu vyake.

"Huyu mtoto ana shida ya nidhamu," mwalimu mkuu alisema, "au ana shida ya moyo. Mwalimu, hebu angalia ni ipi, uniambie."

Wakati akisubiri kuambiwa, aliziba pengo la ua kwa wavu, akaagiza geti lifungwe kwa kufuli saa ya mapumziko na ufunguo ukae kwa mlinzi. Utoro ukaisha siku ileile. Katika taarifa ya shule jambo hilo liliandikwa kama mafanikio ya awali ya ushauri nasaha.

Siku ya kwanza mkekani, Mwalimu Soksi alichagua kitabu cha bata aliyetaka kujifunza kuimba. Kilikuwa kitabu chepesi, chenye picha kubwa. Bata anamwendea chura, chura anamfukuza, anamwendea jogoo, na kadhalika, hadi ukurasa wa mwisho ambao panya walikuwa wameutafuna. Mwalimu Soksi hakuusikitikia ukurasa huo. Desturi yake ilikuwa kuishia kabla ya mwisho na kumwachia mtoto amalizie.

Bibi alisikiliza huku mguu wake ukitikisika. Bata alipofika kwa jogoo, akauliza:

"Na yai lake?"

Kitabuni hamkuwa na yai. Mwalimu Soksi alihisi vinyweleo vikimsimama, kama mvuvi wa samaki wadogo aliyesikia ndoano ikivutwa na kitu kizito. Akavaa soksi.

"Bata ana yai?" soksi iliuliza.

"Analo. Ameliacha nyumbani."

"Nani analilalia?"

"Hakuna mtu. Limefungiwa."

"Mmh! Likifungiwa linafanya nini?"

"Asubuhi linalia," Bibi alisema. "Baadaye linanyamaza."

Mayai hayalii, lakini hii ilikuwa hadithi, na ndani ya hadithi mtu haanzi kukosoana na mtoto mambo ya mayai. Mwalimu Soksi akampa karatasi na kalamu za rangi. Bibi akachora haraka, bila kufuta: boksi, ndani ya boksi yai, nje ya boksi kufuli kubwa kuliko yai, na pembeni ya yai, moto.

Mwalimu Soksi aliipeleka picha hiyo ofisini kama mtu anayebeba sinia la vikombe vilivyojaa.

"Angalia," alimwambia mwalimu mkuu. "Yai ni yeye mwenyewe, moyo wake. Kufuli ni siri. Na huu moto ni hasira."

"Hasira ya nini?"

"Hapo bado hatujafika."

Mwalimu mkuu aliitazama picha, akaigeuza juu chini, akairudisha. "Ana kipaji," alisema. "Kufuli limetoka hasa."

Vikao vikaendelea. Bata aliulizwa mengi, na Bibi akajibu yote kwa utaratibu, kama shahidi mahakamani. Mama bata anaondoka alfajiri. Anafunga kwa sababu barabara iko karibu na yai lina miguu. Hapana, hakuna baba bata. Alikwenda kutafuta kazi, na anaitafuta mpaka leo. Zamani bata alikuwa anapita saa ya mapumziko, anachungulia chini ya mlango, yai linamwonyesha vidole, anarudi. Sasa hawezi, kwa sababu bwawa limezungushiwa wavu.

"Na bata anajisikiaje?" soksi iliuliza.

Bibi aliitazama soksi, akamtazama mwenye mkono, kisha akairudia soksi. Labda alikuwa anatafuta ni yupi kati ya hao wawili mwenye akili. "Vibaya," alisema.

"Vibaya," Mwalimu Soksi alirudia kwa upole, kama alivyofundishwa, ili mtoto ajue amesikika.

Kikao kilichofuata alimletea udongo. Wakafinyanga yai pamoja, wakalitengenezea kiota cha majani makavu, wakaliweka dirishani, wakakubaliana kwamba kuanzia sasa yai halipo peke yake, linalindwa. Yalikuwa mazoezi mazuri. Kwenye mafunzo walipigiwa makofi kwa zoezi kama hilo. Bibi aliliangalia yai la udongo jinsi mwenye kiu anavyoangalia picha ya maji. Akashukuru. Alikuwa mtoto mwenye adabu.

Mtu mwingine angeweza kuuliza swali moja la kijinga, la mtu asiyepata mafunzo: "Mwanangu, kwenu kuna nani?" Mwalimu mkuu angeweza kuliuliza. Mlinzi angeliuliza kwa ajili ya kupitisha muda. Wifi angeliuliza kabla ya salamu. Lakini hao hawakuwa na cheti, na Mwalimu Soksi, aliyekuwa nacho, alilikalia swali hilo wiki hadi wiki, kwa nidhamu kubwa, akingoja mtoto atoke mwenyewe.

Alitoka Alhamisi, katikati ya kitabu cha twiga.

Asubuhi hiyo Bibi alikuwa amekaa vibaya mkekani, macho mlangoni. Twiga hakumgusa. Mwalimu Soksi akakiweka kitabu kando, akavaa soksi, akauliza bata hajambo.

"Mwalimu," Bibi alisema, na machozi yakaanza kumdondoka yenyewe, bila uso kukunjamana, "mimi siyo bata."

Soksi ikabaki mdomo wazi.

"Ni mdogo wangu. Amefungiwa ndani. Mama leo amechelewa, ameondoka mbio, na mimi nimeondoka naye, halafu nimefika hapa ndiyo nimekumbuka jiko hatujazima. La mafuta. Maji yako juu yake. Nimemwambia mlinzi anifungulie geti, amesema nilete ruhusa ya mwalimu." Akavuta pumzi. "Nikaona ngoja zamu yangu ya kuja huku ifike."

Mwalimu Soksi, ambaye hakuwa amekimbia tangu ujana, alikimbia. Alitoka na kitabu cha twiga mkononi na soksi ikiwa bado imevaliwa, akampita mwalimu mkuu kwenye korido bila salamu. Mlinzi alianza kusema habari ya utaratibu, lakini alipomwona mama mtu mzima anamjia kifua mbele, soksi imeelekezwa usoni kwake, alifungua geti kwanza na kuuliza baadaye.

Bibi aliongoza njia, na haikuwa mbali. Mwendo wa mtoto kwenda na kurudi wakati wa mapumziko, kama ingekuwapo akili ya kupiga hesabu hiyo mapema. Nyuma ya karakana za kuchomelea vyuma kulikuwa na safu ya vyumba vya kupanga, mlango kwa mlango, na mmojawapo ulikuwa na kufuli kubwa. Bibi hakuwa ametia chumvi kwenye picha yake. Lilikuwa kubwa hivyohivyo. Chini ya mlango palikuwa na uwazi wa kupita kiganja. Harufu ya mafuta ya taa ilikuwa inatoka hapo, na harufu nyingine, ya sufuria lililokauka.

"Kibonge!" Bibi aliita, tumbo chini. "Kibonge, njoo mlangoni! Njoo kwa dada!"

Kimya. Kisha hatua ndogo, kisha vidole vinne vikatokeza chini ya mlango, vinene, vichafu, vizima.

Mwalimu Soksi akamtuma Bibi kwenye karakana akaite fundi. Yeye mwenyewe akalala chini, miwani ikamtoka, akaingiza mkono wenye soksi kwenye uwazi. Hakuwa na kanuni yoyote kichwani. Alichotaka ni kitu kimoja: mtoto wa upande wa pili asiondoke pale mlangoni, asilirudie jiko. Soksi ikaongea. Iliongea upuuzi, iliuliza jina la kidole hiki na kidole kile, ikapiga chafya, ikadai imepotea njia. Ndani kikasikika kicheko. Soksi ilipoishiwa maneno, alifungua kitabu cha twiga na kusoma akiwa ameegemeza shavu kwenye saruji, akisukuma kila ukurasa chini ya mlango ili picha ionekane.

Jirani mmoja, aliyekuwa anaanika nguo, alisogea na beseni lake.

"Huyo ndiyo kawaida yake, mwalimu," alisema. "Asubuhi analia, halafu anaimba, halafu ananyamaza. Akinyamaza ujue kalala."

"Mnamsikia siku zote?"

"Mbona tunamsikia sana!"

Fundi akaja na tindo na nyundo, akapiga mara chache, kufuli likaachia. Jiko lilikuwa linawaka. Sufuria juu yake lilikuwa limekauka na kubadilika rangi, na kitambaa cha meza kilichoning'inia jirani kilianza kuwa cha kahawia upande mmoja. Kibonge, mtoto wa kike wa umri usiofika chekechea, alikuwa ameshika soksi kwa mikono miwili na hakuwa na nia ya kuirudisha.

Mtu alikuwa ameshampigia simu mama yao. Alifika na sare ya kiwandani, kofia ya nywele bado kichwani, akasimama mlangoni akiangalia kufuli lililovunjwa kwanza. Jiko akaliona baadaye. Akakaa kizingitini.

"Asante, mwalimu," alisema. Kisha, baada ya kumkagua Kibonge mikono, miguu na nywele: "Sasa niambie kesho nimfungie ndani na nini?"

"Dada, mtoto mdogo hafungiwi."

"Najua. Nani asiyejua? Chekechea wamesema arudi akifikisha umri. Kiwandani ukija na mtoto hata getini hufiki. Nilikuwa namwacha kwa shangazi yake, shangazi akaolewa. Jirani nilimwomba, akamshika, akachoka, na mimi simlaumu." Akavua kofia. "Wewe umesoma. Nambie tu, nitafanya."

Mwalimu Soksi aliokota miwani yake, akaifuta kwa upindo wa gauni.

"Mwalimu, usizipeleke habari hizi popote," mama alisema kwa sauti ya chini. "Nimekuomba kama mama mwenzangu. Watakuja kumchukua. Nilimwona jirani yangu kule nilikohama, walikuja wakachukua."

Bibi alikuwa amesimama baina yao, uso umempauka. Alikuwa amefanya hesabu yake na ameona imetoka vipi. "Mama, mimi sikusema," alisema. Akamgeukia mwalimu. "Si ni bata ndiye aliyesema? Mwalimu, mwambie. Ilikuwa hadithi."

Kwa siku chache mambo yalikwenda bila kupangwa. Kibonge alikuja shuleni na dada yake, akakaa katika chumba cha ushauri nasaha, akafinyanga udongo, akatafuna kona za vitabu ambazo panya walizisahau. Mama yao alipita alfajiri na kumkabidhi dirishani, akiinamisha kichwa tu. Bibi alikaa darasani akasikiliza somo tangu mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo mwalimu wake wa hesabu alilishangaa kuliko wote. Mwalimu mkuu alivumilia hadi Jumatano.

"Waraka unasema faragha," alisema. "Mtoto anakuja kueleza siri zake, anakuta mwenzake anakojoa kwenye mkeka. Mkeka wangu. Na akianguka hapa, akiumia, anaingia kwenye hesabu ya nani? Hajaandikishwa. Kisheria, huyo mtoto hayupo."

"Yupo, mwalimu mkuu. Anakula udongo."

"Ndiyo hivyo. Umemwona, umemsikia, na sheria inakutaka utoe taarifa ustawi wa jamii. Usipotoa wewe nitatoa mimi, na nikitoa mimi nitaeleza pia umekaa nayo siku ngapi."

Jioni ile Mwalimu Soksi alikaa jikoni akichambua mchele ambao ulikuwa umekwisha kuchambuliwa.

"Usiniangalie mimi," wifi alisema. Kisha, kwa kuwa hakuna aliyemwangalia: "Ukinyamaza, na yule mama akarudi kufunga, na jiko likawaka tena, utamsomea nani kitabu?"

"Na nikisema?"

"Ukisema, labda wanamtafutia mahali pa kumlea mchana. Si ndiyo kazi yao? Wana ofisi, wana gari. Hawawezi kukosa hata mahali pa mtoto mmoja mchana."

Hilo lilikuwa wazo la kuaminika, na Mwalimu Soksi aliliamini. Aliliamini kwa bidii, kama mtu anayepita daraja bovu na hataki kutazama chini. Asubuhi alikwenda ustawi wa jamii kwa miguu yake, akaeleza yote kwa usahihi, akaomba kwa niaba ya familia wapate nafasi ya malezi ya mchana. Afisa aliyempokea alikuwa kijana msikivu sana, mwenye macho mekundu ya usingizi. Alisikiliza hadi mwisho. Alimwita mama wa Bibi. Alimwambia ukweli, kwamba malezi ya mchana ni jambo zuri, limo katika mpango, na mpango unasubiri kupitishwa. Kilichokuwapo kwa sasa kilikuwa makao ya watoto, mji wa jirani.

Walikuja Jumatatu. Hawakuwa watu wabaya. Walikuja na gari safi, na biskuti, na mwanamke mmoja aliyejua kubeba mtoto. Mama alisaini akiwa amesimama. Aliambiwa ni kwa muda, mpaka mazingira ya nyumbani yaboreke. Ili yaboreke alihitaji kufanya kazi zaidi. Na siku ya kutembelea makao iliangukia siku ya kazi. Bibi hakulia. Alimfuta mdogo wake kamasi, akamfunga viatu, akamwambia afisa kwamba huyu akilala anapenda kushikwa sikio, kisha akarudi darasani kabla gari halijaondoka.

Mwalimu Soksi aliyaona yote hayo akiwa mlangoni pa chumba chake. Hakuna aliyemlaumu. Mama wa Bibi, wakikutana barabarani, alimwamkia vizuri kama zamani, na hilo ndilo aliloshindwa kulizoea. Alianza kupitia njia ya nyuma.

Habari kutoka makao zilikuwa nzuri. Kibonge ameongezeka kilo, amechanjwa chanjo aliyokosa, analala kitandani peke yake. Mwishoni mwa muhula wageni walikuja kutoka wilayani, wakalisimulia tukio hilo kama mfano: mtoto alisema, akasikilizwa, mwingine akalindwa. Walipiga picha ya mlango. Mwalimu Soksi aliombwa aeleze mbinu yake katika mafunzo yajayo, akakubali shingo upande, na wifi akamshonea soksi mpya, nyekundu, bila kutoa neno lolote la mzaha, jambo lililomtisha zaidi.

Bibi aliendelea kuja mkekani, kwa kuwa utaratibu ulitaka afuatiliwe. Alikaa vizuri. Mguu haukutikisika tena.

"Haya, huyu tembo," soksi iliuliza, "nyumbani kwake hawajambo?"

"Hawajambo."

"Hakuna kinachomsumbua?"

"Hakuna," Bibi alisema. "Wote wazima."

Mwalimu Soksi alivua soksi. Akasahau kanuni, akasahau cheti, akauliza kwa mdomo wake mwenyewe: "Na wewe je, mwanangu?"

"Mimi pia mzima, mwalimu. Shikamoo."

Alifuata mtoto mwingine wa darasa hilo, akachagua kitabu cha punda. Punda alikuwa mzima. Siku ya pili akaja mwingine, na sungura wake alikuwa mzima, na kwao kulikuwa salama, na chakula kilikuwapo, na baba yake hakuwa mkali. Muhula mzima uliofuata, katika darasa lote la tatu, hapakutokea mnyama hata mmoja mwenye shida.